Aliyemkaribisha Mumiani

Nyumbani kwa Marieta Qamara, pale Katesh, hodi haijibiwi kwa karibu. Anayebisha husikia kwanza, "Nani?" Akitaja jina husikia, "Nani mwingine?" Akishasema yuko na nani na ametokea wapi, ndipo komeo huvutwa. Wageni hudhani mwenye nyumba ana roho mbaya. Watu wa rika lake hawashangai, maana kwao nako ni vilevile. Ukiwauliza sababu wanaangaliana, wanacheka, na mmoja anasema, "Hayo ni mambo ya kibanda cha Muksini."

Jumamosi moja ya mwezi wa saba, saa nne asubuhi, Marieta alikuwa amekaa kwenye kigoda sebuleni akichambua vitunguu saumu. Ndiyo biashara yake. Anavifuata Mbulu, anavileta Katesh kwa magunia, anatenga vikubwa huku na vidogo kule, na vile vizuri zaidi anavifunga mashada na kuvitundika ukutani vikauke. Upepo wa baridi ulikuwa unashuka kutoka mlimani, na mlango ulikuwa umefungwa.

"Hodi!"

"Nani?"

"Mgeni, mama."

"Mgeni naye ana jina."

"Tawakali. Natoka Arusha."

"Nani mwingine?"

"Niko peke yangu. Mimi na begi."

Marieta alivuta komeo. Kijana aliyesimama pale alikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu, amevaa miwani, begi la kompyuta amelikumbatia kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Alitoa shikamoo, akaitikiwa, akaingia. Halafu akageuka kuangalia mlango aliopita, akaona mashada ya vitunguu saumu yamening'inia kulia na kushoto, na hata juu ya kizingiti. Akaziba mdomo, lakini kicheko kilishatoka.

"Nisamehe, mama. Nimesafiri kutoka Arusha kutafuta habari za mumiani, nafika nakuta mlango umezungushiwa vitunguu saumu, dawa yenyewe ya kumfukuza."

Marieta hakucheka. Miaka zaidi ya ishirini ilikuwa imepita tangu mgeni atamke neno lile nyumbani kwake. Alimwonyesha kiti, akammiminia chai, akarudi kwenye kigoda chake, akaendelea kuchambua.

"Sema shida yako, baba."

Tawakali alieleza. Alisema kuna watu wanaokusanya mikanda ya video ya zamani, na yeye ni mmoja wao. Wako Arusha, wako Dar, wako na nchi za mbali, wanaandikiana kwenye kikundi cha simu. Mke wake alikuwa amemwambia achague, yeye au makasha ya mikanda.

"Ukachagua nini?"

"Nimepanga chumba kingine cha kuweka makasha."

Hapo Marieta alitabasamu kidogo.

"Kuna filamu moja tunaitafuta kuliko zote," Tawakali aliendelea. "Ya mumiani. Ukiiona unaweza kusema haina kitu. Hakuna kupigana, damu yenyewe huioni. Ni ukungu tu. Mtu amevaa koti refu anatembea kando ya ziwa dakika tano nzima hasemi neno, unasikia upepo na maji. Wengi wanaizima. Sisi tunaipendea hapohapo. Unaiangalia, mara unahisi baridi kwenye miguu, na hujui imeingilia wapi. Halafu kila mkanda una ukungu wake. Mmoja umefifia, mwingine una mikwaruzo, mwingine una mhuri wa duka lililokufa zamani. Mimi ninayo minne ya filamu hiyohiyo."

"Na bado unataka wa tano."

"Nataka mlango, mama."

Akasogeza kiti. Katika mikanda yote inayojulikana, alisema, pamekatwa kipande. Mumiani anasimama nje ya nyumba, mlango umefungwa. Picha inaruka. Mara unamwona amekaa ndani, karibu na moto. Na sharti la viumbe wale linajulikana: hawawezi kuingia nyumba ya mtu mpaka mwenye nyumba awakaribishe. Sasa nani alimkaribisha? Wenzake walikuwa wamebishana jambo hilo miaka kumi, wengine wameandika kurasa na kurasa. Mpaka mwezi uliopita, mtu mmoja anayeitwa Gidamis, mzaliwa wa Basotu, akaingia kwenye kikundi na kuandika maneno machache.

Tawakali alitoa simu, akasoma. "'Sisi Basotu tulishaona kipande hicho tangu tuko wadogo. Alibisha hodi, akakaribishwa na mama mmoja wa Hirbadaw.' Nimeuliza pale stendi, wakanielekeza kwako."

Mkono wa Marieta ulisimama juu ya gunia.

"Huyo mama," alisema, "alikuwa mama yangu."

*

Marieta alizaliwa Hirbadaw, katika nyumba ya udongo iliyozungukwa na mahindi na mbaazi, mtoto wa tatu wa Mama Paskalina. Alikuwa binti wa aibu, wa kujibu kwa kichwa. Akitumwa chumvi dukani alichelewa kwa sababu alikuwa anasoma gazeti ilimofungiwa. Alifika kidato cha nne, matokeo yakamwangusha, na mama yake, mwanamke wa kanisa na wa neno moja, akaamua aende kwa masista kujifunza ushonaji. Marieta alikataa. Ilikuwa mara ya kwanza kumkatalia mama yake kitu, na kwa kuwa hakuwa na mazoezi ya kukataa, alikataa vibaya. Alisema maneno ambayo hadi leo hayarudii. Paskalina alimsikiliza mpaka akamaliza, kisha akanyoosha kidole mlangoni.

"Ukivuka hapo, usije ukanibishia hodi tena."

Akavuka. Mwaka ulikuwa 1997, na Katesh hakuwa na ndugu.

Kazi aliyoipata ilikuwa ya kukata tiketi kwenye kibanda cha video cha Muksini, nyuma ya soko. Watu walikiita kibanda umiza, na jina lilistahili: mabenchi ya mbao zisizopigwa randa, madirisha yamezibwa kwa nailoni nyeusi, bati juu, na televisheni moja juu ya pipa. Watu themanini walikaa mahali pa arobaini. Kando ya televisheni alisimama Yohanes, mtafsiri, ameshika maiki, akisema kwa Kiswahili maneno ya waigizaji na mengine ambayo hawakuyasema. Kisha Yohanes akapata kazi ya kuendesha trekta kwenye mashamba ya ngano huko Basotu, akaondoka bila kuaga.

Wiki hiyohiyo Muksini alirudi kutoka Arusha na boksi la mikanda. Mmoja haukuwa na jalada wala jina.

"Hii ya nini?" Marieta aliuliza.

"Aliyeniuzia kasema ya mumiani." Muksini alikuwa tayari ana chaki mkononi. Kwenye ubao wa nje aliandika kwa herufi kubwa: MUMIANI WA UKUNGUNI. Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Neno mumiani lilikuwa linatisha watoto wa sehemu zile kabla umeme haujafika: mtu asiyejulikana anayekuja kunyonya damu za watu, na asubuhi hayupo.

"Nani atatafsiri, bosi?"

"Wewe si una fomu foo?"

"Mimi mbele za watu siwezi."

"Nani kasema mbele? Kaa nyuma ya televisheni. Wasikuone, usiwaone."

Basi akakaa nyuma ya televisheni, kwenye ndoo iliyopinduliwa, shingo ameipinda ili aone nusu ya picha kwa ubavu. Mkanda ukaanza. Mtu wa kwanza alipofungua mdomo, Marieta alifunika maiki kwa kiganja na kunong'ona, "Bosi, hiki si Kiingereza."

"Ni nini?"

"Sijui."

"Na wao hawajui. Endelea."

Akaendelea. Kwa kuwa hakuelewa hata neno moja, hakuwa na cha kutafsiri, ikabidi atunge. Na kwa kuwa filamu yenyewe ilikuwa kimya kirefu kati ya maneno machache, alikuwa na nafasi ya kutosha. Watu wa kibanda walizoea ngumi na mateke. Dakika kumi za kwanza walizomea. "Mbona hawapigani?" "Muksini, picha imeganda!" Marieta, amejificha nyuma ya mwanga, akaanza kuwasimulia ukungu. Aliwaambia ukungu ule ni kama wa kwetu, ule unaoshuka Hanang mwezi wa sita ukameza mlima, ukameza minara ya kanisa, mpaka mtu anamsalimia ng'ombe akidhani ni jirani. Ziwa akaliita Basotu. Mwanamke mwenye nyumba akamwita Bibi Fabiola. Wanakijiji walipoanza kutundika vitunguu saumu milangoni, alisema tu, "Hawa nao wametoka Mbulu kuvuna," na kibanda kizima kikapasuka kwa kicheko.

Mumiani mwenyewe alimpa sauti nzito, ya kukwama kooni. Na sijui ni kwa nini, au pengine inajulikana sana ni kwa nini, hakumfanya mwenye njaa ya damu. Alimfanya mtu aliyechoka kutembea. Alikuwa na kwao, akafukuzwa, na tangu hapo hana ruhusa ya kuingia nyumba yoyote mpaka aitwe. Walioingia wakitaka ngumi walitoka kimya. Kesho yake walirudi, wamewaleta na wenzao.

Siku ya mnada, wiki ya pili, Muksini aliamua kunakili filamu ili aipeleke kibanda chake kidogo cha Basotu. Aliunganisha deki mbili kwa waya, na maiki ya Marieta akaipitisha humohumo, sauti iingie kwenye mkanda mpya. "Leo sema vizuri," alimwambia. "Basotu wanakusikiliza."

Saa tisa alasiri kibanda kilijaa. Na saa tisa na nusu Mama Paskalina wa Hirbadaw, aliyekuwa ameuza maharage yake yote, aliingia akiwa na fimbo. Mtu mmoja wa jumuiya ya kanisani alikuwa amemwambia kwamba binti yake anaita mashetani kwa kipaza sauti. Mlangoni hakumsikiliza mtu. Ndani alikuta giza; macho yake yaliyotoka juani hayakuona kitu isipokuwa, mbele kabisa, picha ya mlango.

Marieta hakujua. Yeye alikuwa kwenye ndoo yake, amefika mahali alipopapenda kuliko pote. Mumiani amesimama nje. Ukungu nyuma yake. Hapo huwa kibanda chote kinashika pumzi, na yeye hunyamaza kidogo, halafu husema kwa ile sauti nzito, taratibu:

"Hodi."

Na kutoka nyuma ya kibanda sauti ya mwanamke ikajibu, wazi, kwa heshima yote ya mtu aliyelelewa vizuri: "Karibu!"

Kicheko kilichofuata kilisikika hadi sokoni. Watu walianguka kutoka kwenye mabenchi. "Mama, umemwingiza!" "Umetumaliza, mama!" Picha ikaendelea, mlango ukafunguka, mumiani akaingia, na wengine wakapiga kelele za woga wa kweli. Marieta alichungulia kutoka nyuma ya televisheni, akamwona mama yake amesimama na fimbo yake katikati ya watu waliokuwa wanalia kwa kucheka.

Paskalina hakumpiga. Alikaa kwenye benchi, akaangalia hadi mwisho. Watu walipotoka alisimama, akajifunga upya kitenge, akasema jambo moja tu.

"Huyo mwenye nyumba hakumpa mgeni hata maji."

Akaenda zake.

Tangu siku ile ikawa desturi. Ikifika hodi, kibanda chote kinaitikia "Karibu!", halafu kinapiga kelele. Basotu nao, waliposikia kicheko cha Katesh ndani ya mkanda, wakajifunza hivyohivyo. Na watoto wa sehemu zote mbili, wakirudi nyumbani, wakaacha kabisa kuitikia hodi kabla ya kuuliza ni nani.

Jumapili iliyofuata Marieta alikwenda Hirbadaw. Alipofika alikumbuka neno la mama yake, akashindwa kubisha. Alizunguka kwa nyuma, akakohoa, akaingia jikoni. Paskalina alikuwa anapika, akamsogezea kigoda. Hawakuzungumza habari ya kibanda, siku ile wala nyingine yoyote. Kwa miaka kumi na miwili, akiwa binti, akiwa mke wa mtu, akiwa na watoto wake wawili mgongoni na mkononi, Marieta aliingia nyumba ile kwa mlango wa jikoni, kwa kukohoa. Mama yake alifariki mwaka 2009 bila kuliondoa lile neno. Na mji mzima ulikuwa unamkumbuka kwa kosa moja la kuchekesha: Paskalina, aliyemkaribisha mumiani.

*

"Na mkanda?" Tawakali aliuliza. Alikuwa amesahau chai yake.

"Muksini alinipa alipofunga kibanda. CD zilikuwa zimeingia, hakuna aliyeutaka." Marieta aliinama, akavuta kutoka chini ya kabati kopo la mafuta ya kula lililofungwa kwa mfuko. "Sijauangalia. Sina deki. Na baada ya mama kufa niliogopa. Ukitafunwa na deki, sina sauti yake nyingine popote."

Kibanda chenyewe hakipo tena. Tope lililoshuka mlimani Desemba ile ya 2023 lilipita palepale nyuma ya soko. Watu walipoteza wapendwa wao, na mtu hawezi kulilia kibanda mbele ya msiba kama ule. Marieta hakukitaja kwa mtu. Lakini jioni ile alilifungua kopo, akahakikisha, akalifunga.

Tawakali alipokea mkanda kwa mikono miwili. Aliuinua kwenye mwanga wa dirisha, akasoma ubavuni maandishi ya kalamu ya Muksini: MUMIANI – BASOTU – USIFUTE. Kisha akauweka juu ya meza, mbali kidogo na yeye, kama mtu anayejizuia.

"Mama, nisikudanganye. Wenzangu wanataka kipande cha mlango, lakini wanataka sauti ya filamu. Kuna programu za kompyuta zinachambua sauti kama wewe unavyochambua hivyo vitunguu. Ya filamu huku, ya watu kule."

"Na ya watu inakwenda wapi?"

Alivua miwani, akaifuta kwa shati. "Inatupwa."

Marieta aliutazama mkanda pale mezani. Alikuwa na hamu, na hilo hakulificha. Alitaka kusikia sauti ile. Alitaka pia kujua, baada ya miaka yote, mtu yule mlangoni alisema nini hasa kwa lugha yake, maana alikuwa amewadanganya watu themanini kila siku na wakampenda kwa uongo wake. Lakini akimpa huyu kijana, mama yake atageuka takataka ya kuchambuliwa.

"Twende kwa Muksini," alisema hatimaye. "Deki anayo. Tuangalie kwanza, hayo mengine baadaye."

Muksini ana duka la taa na nyaya karibu na stendi. Ndevu zimekuwa nyeupe, lakini mdomo haujazeeka.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba, mtafsiri." Akamtazama Tawakali kuanzia miwani hadi viatu. "Ndiye huyu anayetafuta mumiani? Nilidhani angekuja na koti refu."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekaribishwa, au umeingia tu?"

Aliitoa deki kutoka stoo, akaifungua kifuniko, akafuta kichwa chake kwa pamba na spiriti, taratibu, kama anayemsafisha mtoto sikio. Tawakali aliunganisha waya kwenye kompyuta yake. Mke wa Muksini, Mwanaamina, aliacha wateja akaja kusimama nyuma yao. Mkanda uliingia kwa sauti ya kumeza. Wote wanne waliinama.

Chenga za kijivu. Mistari. Kisha ukungu.

Ulikuwa ukungu uleule, ila umezeeka, umekuwa wa kijani pembeni. Mtu mwenye koti alitokea ndani yake polepole. Na juu yake sauti ya binti wa miaka ishirini, yenye haraka na pumzi fupi, ikasema ng'ombe na jirani, na Mwanaamina akacheka kabla kibanda hakijacheka. Tawakali hakupepesa macho. Marieta alijisikia aibu, kisha aibu ikaisha. Huyu binti anajua kusimulia, aliwaza, kana kwamba ni wa mtu mwingine.

Mlango ukafika.

Tawakali alishika ukingo wa meza. Hakuna kuruka. Picha ilikuwa nzima. Mtu amesimama, mlango umefungwa, kimya.

"Hodi," ilisema ile sauti nzito.

"Karibu!" alijibu Tawakali.

Alisema kwa nguvu, kwa moyo wote, na Mwanaamina akampiga begani kwa kanga.

"Nyamaza wewe! Umemfunika marehemu!"

"Imenitoka, mama, nisamehe, imenitoka tu!"

Muksini alikuwa anajishika mbavu. "Miaka ishirini na saba! Bado hodi hiyo inakamata watu! Msomi mzima wa Arusha!"

"Rudisha nyuma," Marieta alisema. Hakuwa anacheka. "Bosi, rudisha."

Muksini akaacha kucheka. Kurudisha mkanda wa umri ule lilikuwa jambo la kuombea. Alibonyeza, wakasikiliza deki ikilalamika, akaachia. Tawakali alikuwa amechomeka hedifoni kwenye kompyuta. Aliivisha masikioni mwa Marieta kwa uangalifu, akaongeza sauti.

Hodi.

Karibu. Na kicheko kikaja kama mvua ya mawe juu ya bati. Lakini ndani ya hedifoni, chini ya kicheko, ile sauti ya mwanamke haikuwa imekoma. Iliendelea, haina haraka, kama inavyosema mtu akiwa jikoni kwake.

Karibu, Marieta. Pita ndani. Umeshinda wapi siku zote hizi?

Marieta aliweka viganja juu ya hedifoni akazibana. Wenzake wakadhani kuna hitilafu.

"Vipi? Imekatika?" Muksini aliuliza.

"Hakumkaribisha mumiani," alisema Marieta.

"Alimkaribisha nani?"

Alivua hedifoni, akamvisha Mwanaamina, na Mwanaamina naye akasikiliza, akatazama juu, akamshika mkono. Alimjua Marieta tangu siku ya kwanza alipokuja kuomba kazi na kifurushi chake. Habari ya lile neno la mlangoni alikuwa anaijua.

Walipotulia, Tawakali aliirudisha picha peke yake kwenye kompyuta, ambamo sasa ilikuwa imehifadhiwa, akaipeleka kidogo kidogo. Alisogeza uso mpaka miwani ikakaribia kugusa kioo.

"Mama. Njoo uone mdomo wake."

Marieta aliangalia. Miaka yote ile aliiona filamu kwa ubavu, kutoka nyuma, shingo imepinda. Sasa aliiona kwa mbele. Mtu mwenye koti alikuwa amesimama mbele ya mlango, na midomo yake ilikuwa imefungwa. Hakusema neno. Hakugonga. Alisimama tu, na baada ya muda mlango ukafunguka.

"Hakusema kitu," Tawakali alisema polepole. "Nikitoa sauti yako na ya mama yako, watabaki na mtu kimya na mlango unaofunguka wenyewe. Watabishana miaka kumi mingine."

"Nilijua tu," Muksini alisema. "Mimi nilinunua filamu, Marieta akaimalizia."

Tawakali alizima kompyuta, akafikiri. "Nitawapa kama ilivyo. Anayetaka kuchambua achambue vitunguu vyake. Na mkanda ubaki kwako, mama. Nilikuja kuuchukua, lakini nimeona ni wa nani." Akatoa kwenye begi lebo ndogo ya karatasi, ya aina wanayobandika wakusanyaji kwenye makasha yao. "Ila sisi tuna taratibu. Tunaandika kila kitu. Nani katafsiri?"

"Marieta Qamara."

"Anayejibu?"

"Paskalina. Wa Hirbadaw."

"Niandike amejibu nini? Karibu tu?"

Marieta alichukua kalamu mkononi mwake, akaandika mwenyewe, herufi ndogo ili zienee zote. Muksini alikuwa analalamika nyuma yake kwamba aliyeunganisha deki mbili kwa waya mmoja naye ana jina, naye aandikwe. Wakamwandika pembeni.

Jumapili Marieta alikwenda Hirbadaw, ambako sasa anaishi kaka yake, Onesphory, na familia yake. Ilikuwa baada ya misa, jua limewaka. Wifi yake alikuwa jikoni, akatega sikio kusubiri kikohozi kama kawaida. Hakukisikia. Badala yake palikuwa na kimya mbele ya nyumba, kirefu kidogo, na kisha sauti kwenye mlango mkubwa.

"Hodi."

"Nani?" aliuliza wifi yake, maana naye alikulia Katesh.

"Marieta."

"Nani mwingine?"

"Fungua, wifi. Nilishakaribishwa."